Mkono haufiki mgongoni na hela ya operesheni imeshalipwa, nifanyeje?

Shangazi, habari za siku na pole na kazi. Mimi ni mama wa miaka 47, naishi hapa Arua upande wa Oli, kazi yangu ni kusuka. Mwaka wa 19 huu nasuka, watoto wangu watatu wote wamekula na kusoma kwa hii mikono. Jina langu naomba usiliweke maana pale saluni wote wanakusoma.

Shida ilianzia kwenye kiwiko cha kulia, mwaka jana mwezi wa nane. Ni upande wa nje, pale penye kifundo cha mfupa. Mwanzoni nilikuwa nasikia kama panachoma tu nikikaza rasta, nikasema ni uchovu, baadaye hata birika la chai nikilinyanyua linataka kunitoka mkononi, kukamua nguo ndio usiseme. Nikaenda kliniki moja wakanipiga sindano hapo hapo kwenye kiwiko wakanipa na vidonge vya maumivu vya diclo. Shangazi, siku ya tatu nilikuwa mtu mpya! Nikasuka mpaka Krismasi, si unajua ule msimu, kichwa kinatoka kichwa kinaingia. Januari maumivu yakarudi na yakawa makali kuliko kwanza. Nikapigwa ya pili, nikapata nafuu kama wiki sita, yakarudi. Sasa wanasema niende kwa ya tatu.

Hilo halijaisha bega la kushoto nalo likaanza, mwezi wa pili mwaka huu. Sikuanguka wala sikubeba kitu, lilianza tu polepole, na usiku ndio balaa, nikigeukia upande huo naamka na machozi. Sasa hivi maumivu ya usiku yamepungua kidogo lakini mkono umekuwa mgumu, hauendi juu, hauendi nyuma. Sidiria naifunga kwa mbele halafu naizungusha. Kitenge naomba nifungiwe. Kuna siku binti yangu alinivalisha blauzi kama mtoto mdogo, akatoka nje, nikamsikia analia nyuma ya jiko.

Mdogo wangu wa kiume anaendesha lori la Juba. Aliponikuta hivyo siku ya Idi akasema basi, tukapanda basi la usiku mpaka Kampala, kwa daktari mmoja wa kulipia. Wakapiga ultrasaundi, daktari akasema kuna nyama imechanika kidogo begani, dawa ni operesheni, na kiwiko atakiangalia siku hiyo hiyo. Jumla ni milioni 9. Mdogo wangu ameuza ng'ombe wawili wa marehemu baba, akalipa milioni 3, tarehe ni wiki tatu kutoka leo. Anatafuta nyingine 4, na mimi nitoe 2 kwenye kikundi chetu cha akiba, na hizo 2 ndio zilikuwa za binti yangu wa mwisho, yuko Senior Four, anafanya mtihani wa taifa wa UNEB mwaka huu.

Mume wangu hajui kama kuna hela imelipwa. Yeye anasema huko kwao kijijini kuna mzee wa kuvuta mifupa, alimnyoosha mjomba wake, niende kwake. Mama mkwe anasema mkono huu umefungwa, tangu niligombana na yule msichana niliyemfundisha kusuka halafu akafungua saluni yake mbele yetu. Mimi siamini sana, lakini saa nane za usiku ukiwa macho na bega linauma, mawazo yanakuja tu.

Mwenye saluni amenipa mpaka mwisho wa mwezi, nikishindwa kusuka kama zamani kiti anampa mtu mwingine. Na mdogo wangu ameniambia nikikataa operesheni nisimpigie tena simu habari za mkono. Usingizi sina, naamka mara tatu nne kukojoa na kunywa maji halafu nakaa sebuleni mpaka adhana. Marehemu mama yangu alikuwa na sukari, lakini mimi sijawahi kuugua kitu kingine. Nikubali, nikatae, nimwambie mume wangu, nifiche? Nisaidie Shangazi.

Msusi, Arua

*

Mwanangu, pole sana. Hicho kilio cha binti nyuma ya jiko kimenikaa moyoni, kwa hiyo nimekaa na barua yako siku mbili kabla ya kushika kalamu. Mimi si daktari. Nilikuwa nesi miaka mingi na sehemu kubwa nilikuwa wodi ya mifupa, kwa hiyo haya nayajua kwa kuyaona, ila mkono wako sijaushika na hakuna mtu anaweza kukuambia una nini kwa barua. Nitakachofanya ni kuwaza na wewe.

Nikikuelewa vizuri, una mkono mmoja unauma na mwingine umekakamaa, kazi inataka kukuponyoka, mdogo wako amekupenda mpaka akauza ng'ombe wa baba, na sasa huo upendo umekuwa kama deni lenye tarehe. Mume ana njia yake, mama mkwe ana yake, na kati ya wote hao wewe hujakaa chini ukaulizwa unataka nini. Nimekosea?

Naomba tuanze na kitu kimoja kwenye barua yako ambacho umekipitia haraka. Umesema unaamka mara tatu nne kukojoa na kunywa maji, umesema mama yako alikuwa na sukari, halafu ukaruka ukaendelea na mengine kana kwamba hayahusiani na bega. Yanaweza kuhusiana sana. Kuna ugonjwa wa bega ambao watu huita bega lililoganda, ule mfuko unaozunguka kiungo unavimba ndani, unakuwa mnene, unajikunyata, mkono unakosa nafasi ya kuzunguka. Unawapata zaidi watu wa miaka 40 mpaka 60, wanawake kuliko wanaume, na wenye kisukari unawapata mara kadhaa zaidi ya wengine. Unaanza bila kuanguka, bila kubeba kitu. Kwanza maumivu hasa usiku, halafu maumivu yanapoa na ugumu unabaki, halafu polepole sana unaanza kuachia, na safari yote inaweza kuchukua mwaka mmoja mpaka mitatu. Soma tena ulivyoniandikia halafu uniambie kama hufanani na mtu huyo.

Kwa hiyo kabla ya tarehe yoyote, kapime sukari. Asubuhi, hujala, tone la damu kidoleni, dakika mbili. Ikisoma 7.0 (mmol/L) kwenda juu ni ya kurudia siku nyingine na kuonwa na daktari, na hata ikiwa chini kidogo ya hapo usiipuuze. Ikiwa sawa kabisa nitafurahi na utakuwa umepoteza hela ya chai tu. Hili ndilo jambo pekee kwenye barua hii nitakalokushikilia nguo, mengine yote ni ya kwako kuamua.

Sasa kuhusu "nyama imechanika kidogo". Sisemi daktari amedanganya, ultrasaundi inaonyesha kilichopo. Ila mabega ya watu wa umri wetu ukiyapiga picha utakuta michaniko midogo kwa wengi sana, na wengine wao wananyanyua ndoo ya maji kichwani bila kusikia kitu. Mchaniko kuwepo na mchaniko kuwa ndio unaokuumiza ni mambo mawili. Kuna kitu unaweza kukiangalia mwenyewe leo jioni. Simama, bana viwiko vyote viwili kwenye mbavu, vikunje mikono itazame mbele kama umebeba sinia, halafu fungua mikono kwenda nje, kulia na kushoto, viwiko visitoke mbavuni. Mwambie binti yako aushike ule wa kushoto ausukume nje taratibu, asilazimishe. Bega lililochanika mara nyingi mwenyewe unashindwa kulipeleka lakini mtu mwingine akilishika linakwenda. Lililoganda linagoma hata kwa mtu mwingine, linafika mahali linasimama kama mlango umewekewa jiwe. Hicho si kipimo cha kutosha, hata kiungo kilicholika kinaweza kugoma hivyo, ndio maana eksirei ya kawaida inafaa, lakini ni jambo la kumwambia daktari: wewe uliushika mkono wangu ukaujaribu, au uliangalia picha tu? Muulize pia hiyo operesheni ni ya kushona kilichochanika au ya kulegeza mfuko uliojikunyata, maana hizo ni operesheni mbili tofauti na siku za kupona tofauti. Jibu likiwa la kuzungukazunguka, hilo nalo ni jibu.

Tuseme ni bega lililoganda kweli. Njia zipo kadhaa. Kuna mazoezi na fizio, yaani tiba ya viungo, taratibu, kila siku. Kuna sindano ya stiroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, ndani ya kiungo chenyewe, hii inasaidia zaidi mwanzoni maumivu yakiwa makali, na kwako maumivu yameanza kupoa kwa hiyo faida inaweza kuwa ndogo, na kama una sukari itapanda kwa siku kadhaa baada ya sindano, lazima wajue kabla. Wengine wanajaza maji ya chumvi kwenye kiungo ili mfuko utanuke. Kuna kulazwa usingizi daktari akauzungusha mkono mpaka uachie, na kuna ile ya matundu madogo wanakata mfuko kwa ndani. Mwaka 2020 Uingereza walitoa matokeo ya utafiti wa wagonjwa 503 kutoka hospitali 35, waliwagawa makundi matatu, wa fizio na sindano, wa kuzungushwa usingizini, na wa kukatwa mfuko. Baada ya mwaka wote walikuwa wamepata nafuu kubwa na hakuna kundi lililoyaacha mengine mbali, ila madhara makubwa mengi yalitokea kwa waliokatwa. Sikuambii haya ili ukatae. Wapo niliowahudumia waliokaa miezi mingi na bega halisogei, wakafanyiwa, wakashukuru. Ninachotaka uone ni kwamba muda upo. Bega la namna hii halikimbii, wiki tatu si mwisho wa dunia.

Na kuna jambo ambalo naona hamjalihesabu, wewe na mdogo wako. Mnaiona operesheni kama njia ya kurudi kwenye kiti haraka. Baada ya kisu cha bega mazoezi ni yale yale ya fizio, tena ndio yanaanza, na kama ni kushona mkono unakaa kwenye mkanda wiki kadhaa na kuinua mikono juu ya kichwa cha mteja ni miezi. Mwisho wa mwezi utakuwa umepita zamani. Kama sababu kubwa ni kiti, basi kisu hakikiokoi.

Kiwiko naomba tukitenge kabisa, kwa sababu mnakiita "mkono" wakati ni ugonjwa mwingine. Hapo nje penye kifundo ndipo zinaposhika kano za misuli inayonyanyua kiganja, na wewe umezikaza kila siku miaka 19. Wazungu wanauita ugonjwa wa wacheza tenisi lakini wengi wanaoupata hawajawahi kushika raketi, ni mafundi, wapishi, wasusi. Na hiyo hadithi yako ya sindano, ambayo nadhani ilikuwa ya stiroidi, nafuu ya ajabu halafu yanarudi, imeandikwa kwenye utafiti kabisa. Australia mwaka 2013 waliwafuatilia watu 165 wenye kiwiko kama chako. Waliopigwa stiroidi walipata nafuu wiki za mwanzo, lakini ndani ya mwaka zaidi ya nusu yao yaliwarudia, wakati waliopigwa sindano isiyo na dawa yaliwarudia karibu mtu mmoja kwa kila 8. Na wengi wenye kiwiko hiki hupona ndani ya mwaka hivi wakikipunguzia mzigo. Kwa hiyo ya tatu ifikirie sana, na kama sukari iko juu ifikirie mara mbili zaidi. Diclo nayo ukiimeza miezi inakula tumbo na figo na kupandisha presha, waambie wakupime presha siku hiyo hiyo ya sukari.

Zoezi la kiwiko ni dogo mpaka watu wanalidharau. Kaa mezani, mkono wa kulia ulale juu ya meza, kiganja kining'inie nje ya ukingo kikitazama chini, shika chupa ya maji ya nusu lita. Kinyanyue, halafu kishushe polepole ukihesabu mpaka nne. Mara kumi, pumzika, rudia. Kuuma kidogo si shida, kukiuma mpaka kesho yake punguza maji kwenye chupa. Ni la wiki nyingi, si siku tatu kama sindano, na wiki ya kwanza utasema Shangazi amenidanganya. La bega: inama kidogo mbele, uache mkono ulegee kama kamba ya kisima, uuzungushe duara ndogo. Ukitoka kuoga maji ya moto ndio wakati mzuri. Hospitali ya rufaa ya hapo kwenu Arua anzia huko, uliza mtu wa fizio akuonyeshe vizuri. Hospitali za serikali wodi za kawaida hazitozi hela ya matibabu tangu 2001, ingawa foleni ni foleni na dawa nyingine utaambiwa ununue. Na ukitaka macho ya pili ya mtaalamu wa mifupa, hospitali ya CoRSU pale Kisubi barabara ya Entebbe kazi yao ni viungo, beba ile ultrasaundi yako.

Kwa mzee wa kuvuta mifupa, sitamtukana, wazee hawa wamewasaidia watu na mumeo anasema kwa kukupenda. Lakini mjomba alikuwa na nini? Kama alitegua, alirudishwa. Bega lililoganda likivutwa kwa nguvu mtu akiwa macho linavimba zaidi, na mfupa unaweza kuvunjika. Hata madaktari wanapouzungusha mgonjwa amelala usingizi wa dawa bado wanaogopa hilo. Kama ni kukukanda kwa mafuta ya moto na kuomba, sioni ubaya. Kama ni kuvuta, mwambie mumeo kwa upole hofu yako ni ipi. Na huyo msichana wa saluni ya mbele, ugomvi wenu unaumiza na unastahili kusuluhishwa kwa ajili yenu wawili, lakini mama yako alikuwa na sukari kabla huyo binti hajajua kushika kitana.

Sasa mumeo. Umeniuliza umwambie au ufiche. Fikiria siku ya tarehe yenyewe: nani atasaini, nani atakupikia wiki za kwanza mikono yote miwili ikiwa haifanyi kazi? Akijua siku hiyo itakuwa vita juu ya kidonda. Akijua leo atakasirika pia, ila utakuwa umesimama. Ndani ya hofu yake ya operesheni kuna kitu ambacho wewe mwenyewe unakihofia, pengine mtakutana hapo.

Kwa mdogo wako naona njia nyembamba kati ya kukubali na kukataa, nayo ni kuahirisha. Mwambie, "Mdogo wangu, ng'ombe wa baba sijawasahau, nataka hela yako ifanye kazi ya kweli, nipe wiki sita nipime sukari, nipige eksirei, nionwe na daktari wa pili." Aipigie kliniki simu aulize kama tarehe inasogezwa na kama milioni 3 zinarudi, majibu wayaandike. Anaweza kununa. Nadhani anaogopa kukupoteza kama mlivyompoteza mama, na mwanaume akiogopa mara nyingi anatoa amri. Na zile 2 za kikundi, mtihani wa mtoto una tarehe isiyosogea. Ya bega inasogea.

Saluni nenda kabla ya mwisho wa mwezi, usisubiri. Mwambie mwenye kiti unaweza nini: wateja wa kukaa chini kwenye mkeka, kumalizia, kuosha, kufundisha msichana mpya msuke wawili mgawane. Miaka 19 wateja wanakuja kwa jina lako. Anaweza kukataa, na hapo tutafikiri tena.

Usisubiri barua wala fizio ukiona haya: homa na bega limevimba jekundu, ganzi au mkono kukosa nguvu ghafla, kukonda bila sababu, au maumivu ya bega hilo la kushoto yakija unapopanda ngazi pamoja na kifua kubana na jasho. Hilo la mwisho ni la moyo, ni la kukimbia hospitali usiku huo huo.

Ukishapima niandikie namba waliyosoma, hata kama ni nzuri. Na niambie mkono ulifika wapi binti yako alipousukuma.

Shangazi yako